Mnara wa shaba juu ya pipa: nani anauhitaji?

Kila watu wanapokufa kwa pombe kali ya mtaani, hoja moja hurudi: kwamba kosa ni la mtambo. Pipa na bomba, husemwa, haviwezi kutoa kinywaji salama, ilhali mtambo wenye mnara wa rifluksi, yaani bomba refu linalorudisha sehemu ya mvuke uliopozwa chini, mfano mdogo wa ule wa viwandani, ungeitenga sumu na kilevi. Huko New Zealand, ambako tangu 1996 sheria inamruhusu mtu kukeneka (kupika kwa kuvukiza na kupoza) pombe kali kwa matumizi yake mwenyewe, wapo wanaoapa kwa mnara na wapo wanaoshikilia chungu cha kawaida. Nionavyo mimi, wanaoutetea mnara wana haki kuhusu usafi, wanaoukataa wana haki kuhusu ladha, na wote wawili hukosea wanapoufanya kuwa kinga ya mauti.

Tuanze na kazi yenyewe. Kangara, yaani mchanganyiko uliochachushwa kabla ya kukenekwa, yenye kilevi cha asilimia 10 ikichemka katika pipa, mvuke wa kwanza hubeba kilevi cha karibu nusu ya ujazo wake, kisha nguvu hushuka kadiri upishi unavyoendelea. Ndiyo maana anayetaka pombe kali zaidi hupika mara mbili. Mnara hufanya kazi hiyo kwa mkupuo mmoja. Ule wa nyumbani kwa kawaida ni bomba la milimita 50 hivi kwa upana na karibu mita moja kwa urefu, lililojazwa wavu wa shaba nyekundu au vipande vya chuma cha pua, na juu yake pana koili ya maji baridi. Mvuke unaofika kwenye koili hugeuka matone, na sehemu kubwa ya matone hayo hairuhusiwi kutoka bali hurudishwa chini, yakutane na mvuke mwingine unaopanda. Kila yanapokutana, maji hutangulia kushuka na kilevi hutangulia kupanda, hivyo kwamba ndani ya bomba moja upishi hurudiwa mara nyingi. Mtambo mzuri huvuka asilimia 90 bila shida, ingawa haupiti asilimia 95.6 kwa uzito, kwa kuwa hapo mvuke na kimiminika huwa na mchanganyiko ule ule, na kurefusha bomba hakusaidii tena.

Watetezi wa mnara wana hoja nyingine ambayo ni nzito kuliko nguvu. Mpishi akiurudisha mvuke wote kwa nusu saa bila kutoa hata tone, vitu vyepesi kama asetoni na asetaldehaidi, na sehemu ya methanoli (kilevi chenye sumu) iliyomo, hujikusanya juu kabisa, naye huvitoa pole pole na kuvimwaga. Katika pipa vitu hivyo huchanganyika na pombe njema tangu mwanzo, na kuvitenga hubaki kazi ya pua na uzoefu.

Hata hivyo, methanoli inayotokana na uchachushaji si ile iliyoua watu kwa makumi. Kangara ya sukari huwa nayo kidogo sana; ya matunda huwa nayo zaidi kwa sababu ya pektini, kitu cha asili katika matunda kinachozaa methanoli, lakini bado si kwa kiwango cha kuangamiza mtaa. Katika misiba mikubwa ya Kenya, kama ule wa Mukuru, Nairobi, mwezi Novemba 2000, na ule wa Embu, Kiambu na Kitui mwezi Mei 2014, kilichoshukiwa na kutajwa ni methanoli ya viwandani iliyotiwa ndani ya kinywaji. Mnara husimama jikoni, na sumu hiyo huingia baadaye, mikononi mwa anayeongeza ujazo ili auze zaidi.

Zaidi ya hayo, mnara huleta hatari zake. Lehemu yenye madini ya risasi kwenye maungio ni sumu ya taratibu isiyoonekana wala kuonjeka. Wavu ukishindiliwa mno hauachi njia, na mtambo usio na tundu la wazi juu hugeuka bomu. Maji ya kupoza yakikatika, mvuke hutoka wote nje, na mvuke wa kilevi hushika moto ukifikia asilimia 3.3 tu ya hewa ya chumba. Chini yake pakiwa na kuni, sihitaji kueleza zaidi.

Na hapo ndipo ninapoona kikwazo ambacho miongozo ya ng'ambo hukipita haraka. Mnara ni mtoto wa mita ya umeme na bomba la maji. Hautaki joto linalopanda na kushuka kama la mkaa. Mwali ukizidi, matone yanayorudi husukumwa juu na mnara hufurika. Kwa jiko la umeme la wati 2,000, maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 20 na kutoka yakiwa na 50, koili hunywa karibu lita 57 kwa saa. Upishi wa saa nne ni zaidi ya ndoo kumi na moja za lita 20. Anayenunua maji kwa ndoo atapiga hesabu hiyo kabla ya kununua bomba. Mwenye pipa Mathare huupitisha mfereji wake kwenye maji ya mto, na mwisho wa habari. Tena, anayeishi Nairobi asingoje kipimajoto kisome nyuzi 78 kama miongozo inavyosema. Katika mita 1,700 hivi juu ya bahari, kilevi huchemka karibu na nyuzi 73.

Linabaki suala la ladha, nalo kwangu ndilo linaloamua. Nipa, pombe kali ya Mtwara, hupikwa kutokana na mabibo (matunda ya mkorosho), na mwenye kuijua huitambua kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ipitishe kwenye mnara uliojaa wavu, utapata kilevi ambacho hakitofautiani na cha molasi. Kwa anayetaka kutia viungo na kutengeneza pombe ya jini (gin), hilo ni faida tupu. Kwa mwenye mabibo ni kuitupa nyama na kubaki na mfupa. Uganda ililigawa jambo hili kwa njia yake: chini ya sheria ya Enguli ya 1965, pombe ya vijijini ilitakiwa kupelekwa kiwandani ikakenekwe upya, na hapo ikawa waragi ya chupa.

Sheria nayo haifungiki na ubora wa mtambo. Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010, lakini kwa mwenye leseni. Tanzania bado gongo isiyo na kibali ni kosa, iwe imetoka kwenye pipa lenye kutu au kwenye shaba inayong'aa.

Mahali inaporuhusiwa, ningemshauri mjenzi aufunge mnara kwa kibano badala ya kuulehemu moja kwa moja kwenye chungu, ili wavu uweze kutolewa. Kangara ikiwa ya sukari, aujaze. Ikiwa ya matunda, autoe wavu wote, aache bomba tupu, na apike mara mbili.