Moto wa Wote Uwashwe Uani

Wanaopanga makazi ya pamoja, yale ambayo kila kaya ina nyumba yake lakini wote wana ukumbi mmoja wa kulia na kukutania, hawachelewi kutaja meko ya kuni. Nawaelewa. Napenda sana kuota moto, na sijui kitu kingine kinachowakalisha watu pamoja bila kuwalazimisha kuzungumza. Hata hivyo nasema meko ya wazi yasijengwe ukumbini.

Kwangu la kwanza ni pumzi. Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu cha chembe hizo linachopendekeza kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwenye pumu akiwa kwake anaweza kuamua asiwashe moto. Ukumbini hana uamuzi huo. Wala hatasimama mkutanoni kulalamika. Atabeba sahani yake akale nyumbani, na wiki ijayo hatamwona mtu. Tangu makazi ya pamoja ya Sættedammen, Denmark, yakamilike mwaka 1972, mlo wa pamoja ndio umekuwa ukiwakutanisha wakazi wa makazi ya namna hii. Chochote kinachomfukuza mtu mezani kinagusa sababu yenyewe ya kuishi hivi.

Halafu kuna jambo ambalo wachoraji wengine wa ramani za nyumba hulisahau. Jiko la ukumbi hupikia watu wengi, kwa hiyo feni yake ya kutoa moshi na mvuke ina nguvu. Nyumba ikiwa imezibwa vizuri, hewa inayotolewa lazima ifidiwe, na njia iliyo wazi ni dohani. Moshi hugeuka na kurudi ndani, pamoja na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hatari huzidi moto unapofifia: dohani imepoa, haivuti tena, ilhali makaa bado yanatoa gesi hiyo. Ni saa ile ile ambayo watu wameanza kusinzia.

Na joto lenyewe? Sehemu kubwa hupanda na moshi.

Sitazungumzia sana kazi ya kukausha kuni, kufagia dohani kila mwaka na kuzoa majivu ambayo huficha makaa ya moto kwa siku kadhaa. Kazi hizo huishia mikononi mwa mtu mmoja au wawili.

Pendekezo langu ni moto wa uani, mbali na madirisha, wenye viti pande zote. Kama lazima uwe ndani, basi liwe jiko la kuni lenye mlango wa kioo na bomba linaloliletea hewa kutoka nje, katika chumba cha pembeni kinachofungika. Hilo ningelipigia kura. Lakini kabla mchoro haujapitishwa, kila mkazi atoe maoni yake kwa maandishi, si kwa kunyoosha mkono, maana hakuna mwenye pumu anayetaka kuonekana ndiye aliyewanyima wenzake moto.