Umeme wa Elfu Hamsini

Leo tena nimepigiwa na mtu ananiita "baba mchungaji". Mimi, Ramadhani! Simu ya tano hiyo, na saa nne ya asubuhi haijagonga. Wa kwanza alikuwa ananiuzia kiwanja Kigamboni. Wa pili mganga, ameona nyota yangu imefunikwa. Imefunikwa na giza, mzee, hilo hata mimi naliona.

Chanzo ni umeme. Juzi, siku ya tatu gizani, vibua kwenye friji vimeanza kuongea, nikaingia Facebook kwenye ukurasa wa hao wenye nguzo zao nikakomenti. Wenzangu wanaandika "jamani umeme" na vikatuni vya kulia. Nikasema hapana, malalamiko yana utaratibu wake. Nikaweka majina matatu, namba ya mita, namba ya simu, nyumba ya pili kutoka msikitini geti la bluu, na wasije wakanidhania tapeli, nikamalizia na namba ya NIDA. Kisha nikawatisha kidogo: "Mimi si mteja wa kubahatisha, wiki hii tu nimenunua umeme wa elfu hamsini."

Nilinunua wa elfu mbili.

Jioni naenda kwa Mangi kuchukua mkate, kwa lile daftari letu. Mangi hakugusa mkate. Akavaa miwani. Ukimwona na miwani ujue daftari linafunguliwa, ila safari hii akachukua simu.

"Baba Zai," akasema kwa upole wa hakimu, "haya majina matatu ni yako?"

"Majina yanafanana."

"Na geti la bluu?"

"Mageti ya bluu ni mengi, Mangi."

"Sawa." Akasogea kwenye taa ya sola, akasoma kama anasoma risala: "Wiki hii tu nimenunua umeme wa elfu hamsini." Akavua miwani. "Wiki hiyo hiyo ulisimama hapo hapo ukaniambia hali ngumu, elfu kumi na nane yangu niingoje mwisho wa mwezi."

Nijibu nini? Nikikubali, nalipa. Nikikataa, nimekiri uongo mbele ya mama wawili wa kikoba, na kwao habari inakaa kama maji kwenye tenga. Nikajikohoza. Nikasema ni makosa ya uandishi, sifuri moja imeponyoka.

"Kwa hiyo elfu tano?"

Nikaona bado nyingi. "Na hiyo tano nayo iliteleza kidogo."

Mangi akaurudisha mkate kabatini, taratibu, kama anamlaza mtoto.

Nyumbani nako. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mama Zai nimemwambia miaka kumi na moja kwamba mimi ni wa 1984. "Kumbe 1979," akasema, akaendelea kuchambua mchele kwa tochi. Hajasema kingine mpaka sasa.

Nikafuta. Walishaipiga picha, iko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Mpwa wangu anasoma sheria, nikamwita. Akaniambia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake ipo. Nikafurahi, nikatafuta viatu. "Tunamshtaki nani, mjomba? Umezigawa mwenyewe kama ubwabwa wa msibani." Ada yake nalipa mimi.

Hata matapeli wamebadilika. Zamani "ile hela itume kwenye namba hii" ilikuja kavu kavu, unaicheka. Sasa inaanza na majina yangu yote matatu, kwa adabu, mtu unakaribia kutuma. Nimeshazisukuma nne kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli, moja na salamu.

Na mimi niliomba umeme. Umeme tu, jamani! Sikuomba mganga, sikuomba kiwanja! Leo ndiyo wamejibu, chini ya komenti ya mtu mwingine: "Ndugu mteja, tafadhali tutumie jina kamili, namba ya mita, namba ya simu na eneo ulipo."

Simu yenyewe imebaki asilimia nne. Kuchaji ni kwa Mangi, mia tano. Fundi cherehani naye ana sola, lakini yule ana suruali yangu ya Idi, nusu ya hela sijammalizia, na Idi yenyewe sikumbuki ilikuwa ya mwaka gani. Labda nizungukie nyuma ya msikiti, nimtume Zai.