Toleo la Tatu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshatangulia kusimulia katika makundi matatu ya WhatsApp kwamba Jumamosi usiku nilikutwa nyuma ya jenereta la ukumbi nikilia, nimeona ni haki yangu kueleza mambo yalivyokuwa. Nyuma ya jenereta nilikuwapo, hilo sibishi. Kulia sikulia, ule ulikuwa moshi wa dizeli, na mtu yeyote angesimama pale kwa dakika 20 macho yangemtoka maji vilevile.

Mnaonifuata hapa siku zote mnakijua kicheza muziki changu, kwa sababu nimewachosha nacho. Ni mimi niliyekuwa nikiwaambia kwamba nyimbo za kwenye simu zenu zimekamuliwa hadi zikabaki makapi, ilhali mimi nasikiliza FLAC, ambayo hubana faili bila kutupa hata chembe ya sauti. Yote hayo nayasimamia hadi leo. Nilichowaficha ni kwamba kifaa chenyewe kilikuwa mgonjwa tangu mwezi wa sita baada ya kukinunua, pale kitundu cha kuchomekea waya kilipolegea, nikakirudisha Kariakoo kwa muuzaji, naye akaigeuza risiti na kunionyesha kwa kidole maneno yaliyopigwa muhuri: bidhaa ikishauzwa haitarudishwa. Nilipomkumbusha kwamba boksi limeandikwa waranti ya mwaka mmoja, akanijibu kwa upole kabisa kwamba waranti hiyo ni ya kiwandani, na kiwanda kiko Shenzhen, kwa hiyo nikifika huko niwasalimie. Halafu akaongeza, “Kaka, hata Apple wenyewe waliacha kutengeneza iPod tangu 2022. Wewe hiki unakibeba cha nini?” Nikaondoka nacho, na tangu siku hiyo nikawa nakitumia kwa bluetooth tu. Hilo la bluetooth lishikeni, maana ndilo lililonimaliza.

Sasa, katika kamati ya sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu hapa Tanga, nilijitolea kusimamia muziki wa wakati wa kuingia ukumbini, na wala sikuombwa. Shangazi wa binti alikuwa na sharti moja: nyimbo tatu za kuingilia zifuatane bila kukatika, kwa sababu muziki ukikatika na vigelegele hukatika, na vigelegele vikikatika bibi harusi mtarajiwa hubaki amesimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kifaa changu kilikuwa na kasoro hiyohiyo, kwani kati ya wimbo na wimbo kilikaa kimya kwa sekunde moja na ushei, na juu ya hapo kilipanga nyimbo kwa namna ya kitoto, wimbo wa 10 ukitangulia wimbo wa 2. Ijumaa usiku nikakuta katika tovuti ya kampuni kuna toleo jipya la programu ya ndani, ile ambayo mafundi huiita famwea, na maelezo yake yakiahidi kwamba kasoro zote mbili zimeondolewa. Nililisubiri toleo hilo kwa miaka miwili. Mtu mwenye akili angelisubiri kwa siku mbili zaidi.

Kazi yenyewe niliifanya kwa adabu zote. Betri niliijaza, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kusasisha kifaa hugeuka kipande cha tofali. Kadi ya kumbukumbu niliiformati kwa FAT32, kwa kuwa kifaa hakisomi mfumo mwingine. Faili nikaliweka juu kabisa, nje ya folda zote, bila kubadilisha hata herufi moja ya jina lake. Mstari wa rangi ukatembea hadi mwisho, kifaa kikajizima, kikajiwasha, na menyu yote ikaja kwa Kichina. Nilipapasa hadi nikaipata orodha ya nyimbo zangu tatu, nikaijaribu, na kweli zikafuatana bila mwanya. Nikalala usingizi wa mshindi.

Ambacho sikukijua ni mambo mawili. La kwanza, toleo jipya lilikuwa likifunga vitufe vyote mara kioo kinapozimika. La pili, orodha ikifika mwisho kifaa hakisimami tena kama zamani, bali huingia katika folda inayofuata na kuendelea kucheza. Na folda iliyofuata, niliyoirudisha mwenyewe pamoja na mengine yote baada ya kuiformati kadi, ilikuwa ya sauti nilizojirekodi.

Naomba hapa niende taratibu, kwa sababu rafiki yangu sehemu hii ameipitia mbio, tena kwa chumvi.

Nimesimama mlangoni kwa suti, kifaa mkononi. DJ nimemwambia aende akale pilau, mimi nipo. Mitambo iko jukwaani, kama hatua 12 kutoka niliposimama, na katikati yetu uko msafara mzima: binti, wapambe, mashangazi wanaotandika khanga chini ili akanyage, na mpiga picha anayetembea kinyumenyume. Nyimbo tatu zimefuatana kama maji. Shangazi amenigeukia na kunipa ishara ya dole gumba, nami nimeinamisha kichwa kidogo, kama msanii. Wimbo wa tatu ukaisha, mshereheshaji akavuta pumzi ili aseme, na kabla hajasema, spika nne za ukumbi zikakohoa.

Kikohozi hicho nilikitambua. Ni changu.

“Shikamoo, mzee,” spika zikasema.

Na ukumbi, kwa malezi mema ya watu wa Tanga, ukaitikia, “Marahaba!” Meza ya mbele ndiyo iliyoitikia kwa sauti kubwa zaidi, na katika meza hiyo alikaa baba mdogo wa binti, ambaye pia ni mwenye nyumba wangu.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Hakuna. Nikabonyeza vyote kwa pamoja, na kioo kikawaka kikiniandikia sentensi ndefu ya Kichina ambayo nina hakika ilikuwa na msaada ndani yake. “Mzee, nimekuja kuhusu kodi,” sauti yangu ikaendelea, tulivu, safi, kila herufi mahali pake, kwa sababu ile ni WAV, haijabanwa hata kidogo. “Mshahara umechelewa. Hapana, hilo alishalisikia Machi. Tuanze upya. Toleo la pili. Mzee, nimeibiwa pikipiki. Hapana, sina pikipiki.”

Watu walianza kucheka wakidhani ni kichekesho cha kamati. Mshereheshaji naye, Mungu amsamehe, akapiga makofi.

Ningekuwa na waya ningeuchomoa. Ndugu zangu, ningeung’oa pamoja na ukuta. Nikatazama jukwaani, nikaona mashangazi na khanga zao. Nikafanya kosa la kutazama meza ya nne, nikamwona mama yangu mzazi, mzima wa afya, ameshika paja la kuku.

“Toleo la tatu,” spika zikasema. “Mzee, mama yangu amelazwa Bombo. Hapa ninyamaze kidogo, nitazame chini. Sauti iwe ya kukwama kwama.”

Kisha nikasikika nikinyamaza. Sijawahi kujua kwamba kunyamaza kwangu kunaweza kusikika hadi nyuma kabisa ya ukumbi.

Na hapa kuna jambo ambalo rafiki yangu hakulisimulia kwa kuwa hakulijua, nami nalitoa mwenyewe ili nisidaiwe baadaye: toleo hilo la tatu nilishalitumia. Jumatano iliyotangulia nilikwenda kwa mzee, nikalitoa lote pamoja na kutazama chini, naye akanisogezea kodi hadi tarehe 15, akaingiza mkono mfukoni, akanipa shilingi 10,000 za kumnunulia mgonjwa machungwa.

Mama akasimama na paja lake. “Nani amelazwa?” akauliza.

Ndipo rafiki yangu huyuhuyu msambazaji aliponipigia kelele, “Toka nje, itakata!” Kwa nadharia alikuwa sahihi, kwani bluetooth ya vifaa hivi haifiki mbali, hasa ukuta ukiwa katikati. Lakini haikatiki mara moja kama uzi, hukatika kama mtu anayezama: hupotea, huibuka, hupotea. Kwa hiyo nilipokuwa nakimbia kulizunguka jengo, ndani walikuwa wakisikia “mama… la… lazwa… tazame chini… mama…”, na mimi nikajikuta nalifuata jenereta kwa sababu ndiko kulikokuwa na giza.

Mengine yalikwenda haraka. DJ alirudi na sahani yake akazima mitambo, sherehe ikaendelea, na mama hajasema nami neno zaidi ya “chakula kipo mezani”.

Kampuni niliiandikia usiku uleule, na majibu yakaja jana. Wananishukuru kwa kuwa mteja wao. Wanasema ningeshikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kifaa kingezimika kwa lazima, habari ambayo haimo katika kikaratasi cha maelekezo. Toleo la zamani wameliondoa, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma, na toleo lingine halitatoka kwa kuwa modeli hii wameshaiacha. Wananishauri ninunue mpya. Nikakumbuka mkasa wa Zune za GB 30, vicheza muziki vya Microsoft, zilizoganda zote tarehe 31 Desemba 2008 kwa sababu programu ya saa yake ilishindwa kuielewa siku ya 366 ya mwaka mrefu. Microsoft angalau waliwaambia wateja wao cha kufanya: acheni betri iishe, mwashe tena kesho yake ikipita saa sita mchana kwa saa za Greenwich. Nimepekua pia orodha ya Rockbox, wale wanaojitolea tangu 2001 kuandika programu mbadala za vifaa vya namna hii. Changu hakimo.

Mwenye nyumba yeye hakunipigia simu. Asubuhi ya leo ameniandikia ujumbe mfupi: “Kijana, nimefurahi mama amepona haraka. Tarehe 15 nakusubiri na toleo la nne. Uje nalo pamoja na 10,000 ya machungwa.”