Acheni kuuliza "bei ya mwisho ngapi" mkiingia yadi

Kuna swali linanikera sana nikimsindikiza mtu kununua gari hapa Tabora. Mtu anaingia yadi, hata salamu hajamaliza, anaigusa boneti ya IST afu anauliza "bosi, bei ya mwisho ngapi?" Sasa hapo ushamwachia muuzaji ajipangie mwenyewe, atakutajia milioni moja chini ya ile aliyobandika kwenye kioo, wewe moyo kwatu umepunguziwa, kumbe ile milioni kaiweka pale makusudi akijua utaiomba. Sisi huku tunabageini kwa kubembeleza, "nipunguzie basi kaka, mi wa hapa hapa Isevya", wakati gari inataka hesabu.

Na hesabu yenyewe sio siri. Gari nyingi tunazoziona yadi ni used za Japani, kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani ingia kwenye mitandao ya wale wanaouza kutoka huko, tafuta gari ile ile, mwaka ule ule, cc zile zile, uone bei yake mpaka bandari ya Dar, wenyewe wanaiita CIF. Afu nenda kwenye kikokotoo cha TRA, kipo wazi tu hakina nywila wala nini, jaza taarifa za gari kikutolee kodi. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na gari ikiwa imepita miaka 8 inapigwa na ushuru wa uchakavu asilimia 15, ikipita 10 inakuwa 30. Ndo maana kigari cha zamani unakiona rahisi kule mtandaoni afu kodi inaweza kuizidi bei ya gari yenyewe. Na TRA wana thamani yao ya kila gari kwenye mfumo, ndo wanayoipigia kodi, usije na risiti yako ya bei chee ukadhani watakuonea huruma.

Jumlisha hapo gharama za bandari na wakala, dereva na mafuta kutoka Dar mpaka huku, ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo gari ya Tabora kuzidi ya Dar kidogo ni haki yake, tusimlaumu mtu. Na faida mpe, hela yake imelala pale miezi. Kitakachobaki juu ya hapo ndo cha kubishania.

Sasa ukifika unaongea tofauti kabisa. "Bosi, kwa hesabu zangu hii imekufikia kwenye kumi na nne hivi, mi nina kumi na tano na nusu, nalipa leo." Afu nyamaza. Usianze kujieleza una watoto wanasoma, usicheke cheke, mwache ahangaike yeye. Akigoma kushuka hela, hamia kwenye vitu: matairi mapya, bima, tanki lijae, gharama za kuhamisha umiliki abebe yeye. Muuzaji kutoa laki tano taslimu inamuuma kuliko kukuwekea matairi, sijui kwa nini lakini ndivyo walivyo.

Dalali mwache nyumbani, kile cha juu chake kinatoka mfukoni mwako hata kama anakwambia analipwa na yadi. Fundi njoo naye ila umlipe wewe na umlipe kabla, fundi anayesubiri chochote kitu kwa mwenye gari atakwambia injini iko poa hata kama inakohoa. Na omba ile karatasi ya mnada wa Japani, ukiona gredi ni R jua gari iligongwa ikanyooshwa, sio lazima uikimbie, ila bei lazima ishuke na hapo hakuna cha kubembelezana.

Halafu wale wa kulipa kidogo kidogo, ukiulizwa "kwa mwezi unaweza shilingi ngapi?" usijibu. Malizaneni kwanza bei ya keshi, ya mkopo baadaye, la sivyo utafurahia rejesho dogo miaka mitatu mpaka uje ushtuke umenunua gari na nusu.

Muda nao tuuangalie jamani. Malipo ya tumbaku yakishaingia, watu wa Urambo na Kaliua na Sikonge wanateremka mjini na hela ya moto, msimu huo nani atakushushia bei? Nenda Januari, ada za shule zimemkaba kila mtu, hata huyo muuzaji ana watoto.

Mwingine atakutajia bei kwa dola, mwambie arudi kwenye shilingi, tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kupanga bei kwa fedha za kigeni humu ndani. Na yule wa "hii bei ni bila risiti" muulize kwanza na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni ngapi, afu ukae ubageini kuanzia hapo. Gari ya mamilioni bila risiti, ikitokea shida utaenda kushtaki na nini, na meseji za WhatsApp?