Walimu waliolalamikia vijiwe vya kahawa Oxford wanaonewa

Kila nikisoma stori za vijiwe vya kahawa vya zamani Oxford nakuta mbaya ameshachaguliwa mapema: walimu wa chuo waliokua wanalalamika kwamba wanafunzi wanashinda huko badala ya kusoma. Wanaitwa wazee wa roho mbaya wasiotaka vijana wafunguke akili. Mi naona wanaonewa.

Uzuri wa vijiwe sikatai. Mwaka 1650 Myahudi mmoja, Jacob, alifungua chake pale Angel, nyumba ya wageni ya Oxford, kipindi ambacho Wayahudi hawajaruhusiwa kurudi Uingereza tangu wafukuzwe 1290, halafu 1655 muuza dawa Arthur Tillyard akaanza kuuza kahawa nyumbani kwake mkabala na All Souls, moja ya kolegi za chuo hicho, ndo hapo kina Christopher Wren, yule msomi na msanifu majengo, walikua wanakaa kubishana mambo ya sayansi. Ni jambo kubwa kabisa.

Ila kina Wren walikua wameshaiva, digrii wanazo tayari. Sasa kijana wa miaka 16 ambaye hata Kilatini hakijamkaa, akishinda kijiweni anapata nini? Anthony Wood, aliyekua anaandika mambo ya mji ule siku hadi siku, alilalamika miaka ya 1670 kwamba wasomi wanamaliza siku huko wakisikiliza habari na kuwasema vibaya wakubwa zao, na huyu Wood mwenyewe alikua mteja, mpaka hela aliyonywea kahawa kaiandika, kwa hiyo alikua anasema anachokiona palepale mezani, sio cha kuhadithiwa.

Halafu kuna chuo kingine cha zamani cha Uingereza, Cambridge, mwaka 1664. Watu wanasema chuo kilipiga marufuku kahawa. Hapana jamani, soma vizuri: mwanafunzi akienda BILA RUHUSA ya mwalimu anayemsimamia ndo anaadhibiwa kama wale wanaoshinda vilabuni. Bila ruhusa! Akiomba akakubaliwa, anaenda anakunywa. Aliyetaka kufunga kabisa ni Mfalme Charles II, Desemba 1675, kwa kuogopa midomo ya watu kwenye siasa, na kelele zilipozidi akarudi nyuma ndani ya siku chache tu. Huyo mlaumuni, ila msimchanganye na mwalimu aliyekabidhiwa mtoto wa mtu.

Na ile peni moja (sarafu ndogo ya Uingereza) ya kikombe inayosifiwa kwamba ilifungua mlango kwa kila mtu, haikua rahisi kwa wote: Cambridge kulikua na wanafunzi waliosoma kwa kuwahudumia wenzao, Isaac Newton aliingia kolegi ya Trinity 1661 kwa njia hiyohiyo. Kwa kijana wa hivyo peni kila siku inauma, na wa kumwambia "leo baki usome" alikua huyo mwalimu wake.