Mtoto si mzito, ubao ndio umejazana

"Hana kumbukumbu. Ajitahidi." Ndivyo alivyoandikiwa mpwa wangu kwenye daftari la Sayansi, kwa kalamu nyekundu, ukurasa mzima ukabaki umechafuka. Kosa lake? Kengele ililia hajamaliza kunakili ubaoni. Basi mama yake kalia, baba yake kanuna, bibi yake kashapendekeza mtoto akasomewe zinguo. Mimi nilipandwa na hasira, na hasira hizo ndizo mnazozisoma hapa.

Nilikwenda shuleni (ni hapahapa Tanga mjini, jina naliacha) nikachungulia darasani. Ubao umeandikwa ukingo hadi ukingo. Kona ya juu kulia kuna mabaki ya hesabu za asubuhi, yamefutwa nusunusu kwa kiganja. Chini yake sehemu za ua, kisha kazi za kila sehemu, kisha zoezi, vyote kwa chaki nyeupe na herufi za ukubwa mmoja. Kati ya swali la pili na la tatu hata kidole hakipiti. Mchoro wa ua umesukumwa kushoto kabisa, una namba tu. Majina ya namba hizo yako kulia, mwisho wa ubao. Mtoto aangalie namba, avuke ubao mzima kulitafuta jina, ainame aandike, ainue kichwa, akute mstari wake umeshapotelea kati ya mingine. Halafu aambiwe hana kumbukumbu!

Kunakili ubaoni ni kuangalia, kushika, kuinama, kuandika. Kile unachokishika wakati unainama ni kidogo mno, uwe mtoto wa darasa la tano au profesa. Wengi tumekariri ile saba ya mwanasaikolojia Miller ya mwaka 1956, kwamba mtu hushika vitu kama saba kwa mara moja. Kwa vitu vya kuonwa ni pungufu zaidi: majaribio ya watafiti Luck na Vogel yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kama vitu vinne hivi. Watu wazima, akili timamu, wanaonyeshwa vimraba vya rangi kufumba na kufumbua, vinaondolewa, kisha wanaulizwa kama kuna kilichobadilika. Vikizidi vinne, wanaanza kubahatisha.

Sasa, vinne vya nini? Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Pita soko la Mgandini asubuhi uyaone machungwa ya Muheza yalivyopangwa chini, matanomatano. Unajua kuna mafungu manne na hujahesabu chungwa hata moja. Yakimwagwa yote ovyo, utasimama hapo unanyoosha kidole. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliyaeleza haya tangu mwaka 1923: vilivyo karibukaribu, vinavyofanana, vinavyokwenda pamoja, jicho huvichukua kuwa kimoja kabla mwenyewe hujaamua lolote.

Na ubongo unaonyesha hivyohivyo. Mwaka 2004 Vogel na Machizawa waliwabandika watu elektrodi kichwani, yaani vinasa umeme wa ubongo, wakapima umeme wa upande wa nyuma wakati mtu anakumbuka. Vitu vikiongezeka, wimbi linakua. Likifika vitatu, vinne, linagota hapo. Mwaka huohuo Todd na Marois wakaona kitu kama hicho kwa mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, katika sehemu ya ubongo iliyo utosini kuelekea kisogoni. Kisha mwaka 2007 Xu na Chun wakachukua maumbo, wakayaweka mara yamekusanywa pamoja juu ya kipande kimoja, mara yametengana. Idadi ileile. Yaliyokusanywa yaliifanya sehemu mojawapo ya eneo hilohilo la ubongo ifanye kazi kidogo zaidi. Kilichopunguza mzigo ni mpangilio tu.

Lakini utafiti unaonichoma hasa ni wa mwaka 2005, wa Vogel na wenzake wawili. Waliwaambia watu: kumbukeni vile vyekundu tu, vya rangi nyingine achaneni navyo. Wale wenye kumbukumbu nzuri walichukua vyekundu viwili, basi, na umeme wa ubongo wao ulikuwa wa vitu viwili. Wale tunaowaita wazito, ubongo wao ulionyesha kama umebeba vinne: viwili vilivyotakiwa na viwili vya takataka. Umeelewa hapo? Huyo anayeitwa hana kumbukumbu alikuwa amebeba vingi kuliko mwenzake! Taabu yake ni kushindwa kuviacha visivyohusika vibaki nje. Sasa mlete mtoto wa namna hiyo mbele ya ubao wenye hesabu za asubuhi zisizofutwa, umwandikie kwa wino mwekundu kuwa ajitahidi. Ajitahidi nini? Afute ubao?

Haya, najua mtakayosema. Mwalimu ana darasa limefurika, ubao ni mmoja, vitabu havitoshi. Kweli. Maabara si darasa, na vimraba vya rangi si sehemu za ua. Kweli. Mtoto apimwe macho kwanza. Kweli pia, na tutampeleka. Hata kupanga kwenyewe kunaweza kuharibu: ukiliweka jibu la swali hili karibu na swali lile, jicho litaviunganisha tu. Lakini nionyesheni waraka unaokataza kuacha nafasi ya mstari mmoja kati ya swali na swali.

Mwalimu wetu wa Jiografia enzi hizo, Mungu amrehemu, alikuwa mkali kwa fimbo na simtetei kwa hilo. Ila ubao wake! Kabla ya kuandika neno anaufuta mpaka unang'aa, anapiga mistari miwili wima kwa rula ndefu ya mbao. Mito kwa chaki ya bluu, reli kwa nyekundu, na jina la kila kitu limeandikwa palepale kitu kilipo. Ukitaka mito, jicho linaokota bluu tu na mengine yote yanakaa kimya. Hakuwa na kompyuta wala elektrodi. Alikuwa na boksi la chaki za rangi, amelinunua mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi nilinyoosha mkono nikaomba chaki za rangi na dasta kwa kila darasa. Nikajibiwa kwa upole kwamba fedha za msimu huu zimekwenda kwenye rangi ya geti. Geti limependeza kwa kweli, wageni wakija wataliona. Nikauliza kama rangi iliyobaki kwenye kopo inatosha kupiga mstari mmoja wima katikati ya ubao. Mwenyekiti akamwambia katibu aliweke kwenye mengineyo.