Garratt ya Mjomba na Paka wa Langoni

Kisiwa cha Lamu hakina reli, hakijapata kuwa nayo, na ile iliyopangwa kuandamana na bandari mpya ya upande wa bara, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021, mpaka leo inapita kwenye ramani tu. Hata hivyo hapa mtaani Langoni yuko mzee mmoja, ndugu wa mama yangu, ambaye ukimuuliza habari za gari moshi huna budi kuahirisha shughuli zako zote za mchana. Mjomba alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa injini, katika Reli za Afrika Mashariki, kwenye zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59 zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na tangu astaafu hajakubali kwamba kuna chombo kingine duniani kinachostahili kuitwa chombo, majahazi ya mababu zetu yakiwemo.

Mimi nina uraibu wa kutengeneza magari moshi ya mfano. Mjomba aliponiambia kwamba zidaka za ukumbini kwake, ambamo bibi alikuwa akipanga sahani zake za kaure, zimebaki tupu, na kwamba angependa kidaka kimoja kikaliwe na injini yake, sikungoja aseme mara ya pili.

Injini zenyewe zilikuwa 34, zikaundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na urefu wa futi 104 na uzito unaozidi tani 250, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kwa kipimo cha 1:87 urefu huo hushuka hadi karibu sentimita 36. Boila nilitumia bomba la karatasi ngumu, matangi nikayachonga kwa mbao nyepesi. Viungo ndivyo nilivyovishughulikia zaidi, kwa sababu Garratt ni kama injini mbili zilizobeba boila moja: mbele kuna magurudumu na silinda zake, nyuma vilevile, na boila imekaa katikati juu ya egemeo la huku na egemeo la kule, ili mwili mrefu namna ile uweze kujipinda kwenye kona. Yangu ilijipinda vizuri sana, jambo ambalo baadaye lilimnufaisha asiyestahili.

Taabu ilikuwa rangi.

Kwamba injini hizo zilipakwa damu ya mzee, hapo hapana ubishi. Ubishi ni damu ya mzee gani. Mjomba alikuwa na picha yake ya miaka ya sabini amesimama kando ya ngazi ya injini, lakini picha za karatasi za zamani zile aghalabu hupoteza samawati kwanza zikabaki na wekundu, na katika picha hiyo injini ni nyekundu, mjomba ni mwekundu, na hata anga ya Mombasa imeiva. Nikasafiri hadi Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, ambako imesimama Garratt namba 5918 iitwayo Mount Gelai, nikiwa nimechukua vijikadi nilivyovipaka michanganyiko mbalimbali, nikawa nakibandika kimoja baada ya kingine ubavuni mwa tangi huku mlinzi akinitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa. Kimoja kililingana na tangi kabisa. Nikarudi nacho Lamu kwa furaha, nikakitazama usiku chini ya taa ya chumbani, kikawa kahawia. Rangi mbili zaweza kufanana juani zikafarakana chini ya taa, kwa kuwa unga uliomo ndani ya hii sio uliomo ndani ya ile, na kila unga hulipokea jua na taa kwa namna yake. Nilipochanganya upya, nayo ikakauka ikawa nzito kuliko ilivyokuwa mbichi.

Tena kuna suala la umbali. Mfano wa kipimo hicho, ukiutazama kwa mita moja, ni kana kwamba unaitazama injini yenyewe kwa mita 87, na kitu cha mbali rangi yake hupungua makali. Kwa hiyo waundaji wengi huitilia rangi weupe kidogo ili jicho lidanganyike vizuri. Nikatia tone la weupe, nikampelekea mjomba kijikadi barazani. Alikigeuzageuza.

"Hii ina safura," akasema.

Nilijaribu kumfariji kwa kumweleza kwamba adha hii si yetu peke yetu. Marekani mabehewa ya mizigo kwa muda mrefu yalipakwa wekundu wa kutu, kwa kuwa unga wa oksaidi ya chuma ulikuwa rahisi na unavumilia jua, lakini kila kampuni ilikuwa na wekundu wake, na behewa lililopakwa mwaka huu halikufanana na lililopakwa miaka mitano nyuma. Injini za reli ya Pennsylvania nazo zilipakwa kijani kilichokaribia weusi, hata wapenzi wake bado wanagombana kuhusu kiasi cha kijani cha kutia ndani ya weusi ili kionekane kipo na papo hapo kisionekane.

"Hao waliwahi kuupanda mlima wa Mazeras na mzigo wa tani elfu na zaidi nyuma?" akauliza mjomba.

Nikasema sidhani.

"Basi wasitusumbue."

Baraza nzima ilikwisha kuingia katika shauri hili. Nahodha mmoja mstaafu alishauri rangi ya usukani wake wa zamani. Muuza vitambaa alileta leso. Mzee mwingine, ambaye hajapata kupanda treni maishani mwake, aliapa kwamba zilikuwa za kijani.

Ndipo nilipomwendea fundi mmoja wa mashua kule Matondoni. Chini ya banda lake kulikuwa na kopo lililobaki robo, ambalo alikuwa amepakia ubavu wa mashua ya mtu. Nikachovya kijiti, nikapaka kwenye kijikadi, nikakiweka bega kwa bega na kile kilicholingana na tangi la Nairobi: juani sawa, kivulini sawa, na usiku chini ya ile taa yangu msaliti, sawa. Fundi alinipa bure, akanieleza kwamba rangi hiyo huilainisha kwa sifa badala ya tina, kwa sababu tina ni ya kununua na sifa anayo tele. Sifa ni yale mafuta ya papa tunayopakia mbao za vyombo zisipasuke, na harufu yake mtu aliyezaliwa Lamu haisikii tena.

Nikapaka Garratt yote, nikaacha kibao cha jina tu, kilichoandikwa kwa dhahabu. Mjomba aliishika kwa chini, kwa ncha za vidole, akaizungusha polepole.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha akataka kujua kwa nini nilichelewa hivyo.

Ila haikukauka. Ukiigusa, alama ya kidole ilibaki na mistari yake yote, na kidole kilibaki na rangi. Nikaipandisha juu ya paa ipate upepo, na ili vumbi lisiigande nikaifunika kwa kawa la mama. Sasa, paka wa Lamu, wale wembamba wenye miguu mirefu ambao wageni huwafananisha na paka wa michoro ya Misri ya kale, hawajasoma lakini wanajua kawa ni kitu gani. Kawa hufunika chakula. Na kawa linalonuka papa halihitaji maelezo.

Nilishtushwa na kishindo cha kawa likibiringika ngazini. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka na watu wanatoka msikitini. Nilipofika mlangoni niliona mkia, na mbele ya mkia Garratt ya daraja la 59 imeumwa katikati ya boila, ikielekea ufukweni kwa mwendo ambao Manchester hawakuukusudia. Nikatimua mbio na kikoi nimekishika mkononi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, punda wawili hupishana kwa maelewano, na nilitarajia kwamba kitu cha sentimita 36 kilicholala mdomoni kama upau kitakwama kwenye kona ya kwanza. Paka akaingia kona. Tangi la mbele likagonga ukuta, likajikunja, likapita. La nyuma likafuata.

Mjomba alikuwa amesimama papo hapo na wenzake wa baraza, tasbihi mkononi. Hakumfukuza paka, wala hakunisaidia. Alinyoosha mkono akawaambia wenzake kwa sauti: "Tazameni inavyokata kona! Siku zote nawaambia hamniamini!"

Kona ya pili ilizibwa na punda aliyepakia mchanga. Paka akapima hali, akaitema injini chini ya tumbo la punda, akarukia ukuta.

Bomba la moshi lilikuwa limelala upande. Kibao cha jina kilikuwa kizima. Tangi la mbele lilikuwa limelambwa kwa bidii: pembeni rangi imebaki nzito, katikati imefifia, na mahali pengine kijivu cha chini kinachungulia. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kijikadi chochote.

"Hivi ndivyo tulivyokuwa tukizikuta Voi," akasema. "Jua, mvuke, na vijana wa kufuta na matambara yao. Ile ya jana ilikuwa rangi ya siku ya kutoka kiwandani, na kiwandani mimi sikuwako."

Wapo waundaji wanaokesha na unga na brashi za nywele tatu wakiichakaza injini mpya ifanane na iliyofanya kazi, wala hawafiki hapo. Nikamwambia nitainyoosha bomba, halafu nitajaribu kuchakaza tangi la nyuma lifanane na la mbele.

"Wewe?" akasema mjomba.

Jioni ile alipanda mwenyewe juu ya paa, akavuta kigoda, akaiweka Garratt mbele yake bila kawa, na bakora yake mkononi. Paka walipoanza kukusanyika hakuwafukuza; alikuwa akiwaelekeza kwa ncha ya bakora kwenye tangi la nyuma, na kuwapiga kidogo puani kila walipokaribia jina.